Meza nane za Madam: nilikompeleka binti akusanye krediti za chuo kabla hajamaliza sekondari

Haya wadau, niliwaahidi madereva wenzangu wa watalii kama wanne hivi pale tunapoegesha magari kwamba ntaandika kuhusu hii sehemu, leo gari liko gereji linabadilishwa bushi na sina wageni mpaka Alhamisi, basi naandika, na naandika mazuri na mabaya yote maana hela nimetoa mfukoni mwangu hakuna aliyenituma.

Sehemu yenyewe ni nyumba ya kawaida tu upande wa Moshono hapa Arusha, sebule imetolewa makochi zikawekwa meza nane, kuna faiba, kuna betri na inveta umeme ukikata, na kuna Madam, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye ndo mwenye nyumba. Jina silitaji, kaniomba mwenyewe, anasema meza ni nane na hana mpango wa kuongeza ya tisa. Anapokea watoto wanaosomea nyumbani, wale wa IGCSE na A-level (mitihani ya mfumo wa Uingereza, kama kidato cha nne na cha sita) wanaojisomea, halafu kuna hawa kama wa kwangu wanaosoma kozi za chuo cha nje wakiwa bado umri wa sekondari. Kazi yake sio kufundisha kila kitu, kazi yake ni kumpangia mtoto, kumkalisha, kumsimamia, na kumwambia mzazi ukweli. Hilo la mwisho ndo limenifanya niandike.

Kwanza mjue kwanini niko huko. Binti yangu ana sikoseli. Tulimpeleka bweni akiwa form one, baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikamlaza mara tatu, mara ya tatu nilikuwa Seronera na wageni, mtandao unakuja unapotea, napata meseji nusu nusu kwamba mtoto yuko hospitali. Niliporudi nikamwambia mama yake basi, huyu atasomea nyumbani. Ndugu walisema sana, mara mnamdekeza, mara atakuwa mshamba, tukanyamaza. Amefanya IGCSE kama mtahiniwa binafsi, kapata masomo sita, sasa ana miaka 16.

Hili la krediti, yaani pointi za masomo ya chuo zinazohesabika kwenye digrii, lilikuja na dada yangu, yaani shangazi yake, anakaa Minnesota. Na yeye kijana wake anasomea nyumbani, akawa anatuambia kwenye simu kwamba dogo anaenda chuo cha karibu siku mbili kwa wiki, anakaa darasani na watu wazima, na masomo yanahesabika huku na huku, kwenye sekondari na kwenye digrii. Nikasema mh, analipa nani? Akasema serikali ya jimbo, ada na vitabu. Nilidhani anakuza mambo. Kumbe kweli, Minnesota wana huo mpango tangu 1985, unaitwa PSEO, wanafunzi wa darasa la 10 mpaka la 12 kwao wanaweza kuingia, na wanaosomea nyumbani nao wamo. Yule kijana anamaliza sekondari mwaka huu akiwa na krediti za kama mwaka mzima wa chuo na baba yake hajatoa hata senti ya ada. Nikamwambia dada huku kwetu hakuna wa kunilipia, ila hiyo akili nimeipenda.

Sasa hapo ndo nikaingia choo cha kike. Nikaanza kuulizia mjini, nikaelekezwa kwa ajenti mmoja, ofisi nzuri, kiyoyozi, ramani ya dunia ukutani, akaniambia baba mtoto wako atapata krediti 30 ndani ya miezi minne, milioni moja na laki mbili. Nikatoa. Binti akasoma, akafanya vijaribio vya kuchagua jibu, akapewa cheti kina muhuri wa dhahabu unang'aa utafikiri cha ndoa. Shangazi yake akakipeleka kwenye vyuo viwili anavyovifahamu kule, wakakiangalia wakajibu kwa heshima kabisa kwamba hicho ni cheti cha kuhudhuria, hakina krediti yoyote. Hela ile sijaiona tena. Ofisi sitaji, sio lengo la leo.

Basi nilipofika kwa Madam nilikuwa nimeshaungua, kila anachosema nakiangalia kwa jicho la pembeni. Kikao cha kwanza ni cha kulipia, elfu hamsini, nikalalamika kimoyomoyo. Nimekaa, binti kaamkia, kakaa pembeni yangu. Madam hakuuliza tuna shilingi ngapi, hakuonyesha kozi yoyote. Akamgeukia binti, "Mwanangu unataka kuishia chuo gani?" Binti akasema Marekani, au hapa hapa, bado sijajua. Madam akafunga daftari. Akasema, "Mzazi, nendeni nyumbani, mkirudi mje na vyuo vitano kwa majina, na kwa kila chuo mje na ukurasa wao unaosema wanapokea krediti za aina gani. Kama hamna hilo mimi siwezi kupanga kitu, ntakula hela yenu bure."

Aisee nilitoka na hasira. Elfu hamsini ya kufukuzwa! Ila nikiwa naendesha kurudi nikacheka mwenyewe, maana hiki anachokisema huyu mama mimi nakiishi kila wiki. Mgeni analipa Tarangire, kibali kimesoma vizuri, kesho yake tuko geti la Lodoare kuingia Ngorongoro anashangaa anaombwa hela nyingine, anasema si nimeshalipa? Umelipa ndio, ila umelipa TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, hapa ni mamlaka nyingine, kibali cha kule hakifungui geti la huku hata ukilia. Krediti ni hivyo hivyo. Aliyekupa anasema ni krediti, lakini mwenye kusema inaingia au haiingii ni geti unaloliendea. Ndo maana unaanza kuuliza geti, halafu ndo unakata kibali. Yule ajenti aliniuzia kibali cha hifadhi ambayo haipo.

Tukarudi wiki ya pili na vyuo vitano. Kikao hicho ndo cha thamani, masaa mawili na nusu, chai ya tangawizi juu. Madam ana daftari kubwa la kaunta, anachora mistari, chuo hiki kinapokea hiki, hiki hakipokei. Na ndo nikajifunza vitu ambavyo hakuna mtu mjini alikuwa ameniambia.

Moja ni hesabu ya krediti yenyewe. Digrii ya Marekani ya kawaida ni kama krediti 120, kozi moja inakuwa na krediti 3, kwa hiyo ni kama kozi 40, na mwaka mmoja ni kama krediti 30. Kwetu hapa krediti 120 ni za mwaka MMOJA, digrii ya miaka mitatu ni 360, maana krediti yetu moja ni masaa 10 ya kusoma. Jirani yangu niliyemwambia krediti 30 alinicheka akasema ni robo mwaka tu hiyo, na yeye alikuwa sahihi kwa mahesabu ya hapa na mie sahihi kwa mahesabu ya kule, tulibishana bure. Ukisikia mtu anakutajia krediti muulize za wapi.

Kingine ni njia zenyewe, na hapa Madam alipitisha moja moja kama mtu anachambua mchele. Kuna CLEP, mitihani ya College Board, hao hao wa SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo Marekani, ipo tangu miaka ya 1960, unajisomea mwenyewe, unafanya mtihani kama wa saa moja na nusu, alama zinaenda 20 mpaka 80 na pendekezo la kawaida ni kwamba 50 inakupa krediti. Na kuna shirika la Modern States wanatoa masomo ya kujiandaa bure kabisa na hata ada ya mtihani wanakulipia. Binti macho yakang'aa. Madam akasema subiri. Ile ya kufanyia mtihani nyumbani kwa kompyuta ni kwa walioko Marekani, wewe wa Arusha utafute kituo cha mtihani nje, nauli na malazi ya watu wawili, ukizidisha kwa mitihani minne ile bure imeisha. Halafu vyuo vyenye jina kubwa sana vingi havipokei CLEP kabisa. Akaifuta, ila akasema masomo ya Modern States asome tu kujinoa, ni bure.

AP, kozi za ngazi ya chuo zinazosomwa sekondari, nayo ni ya College Board, mitihani ni mwezi wa tano, alama 1 mpaka 5, vyuo vingi vinaanzia 3 vingine vinataka 4 au 5, ila lazima upate shule ya kukuandikisha. IB, diploma ya kimataifa ya sekondari, ipo hapa hapa kwetu, UWC East Africa wana kampasi Moshi na Arusha, na masomo ya ngazi ya juu ukifaulu vizuri vyuo vingi vya Marekani vinakupa krediti, lakini hiyo ni shule ya kwenda, sisi tumekimbia shule kwa sababu ya afya. A-level ya Cambridge, hii nilishangaa, kumbe vyuo vingi vya Marekani vinatoa krediti kwa A-level yenye alama nzuri! Miaka yote naona A-level ni tiketi ya kuingia chuo tu, sikujua kule inakurukisha masomo ya mwaka wa kwanza.

Hapo Madam akasema jambo ambalo mama yake binti alilipenda kuliko yote. Akasema huyu mtoto amesema hajui kama atasoma nje au hapa, basi msichome daraja la hapa. Ukikusanya krediti za Marekani halafu hela ya kumpeleka ikakosekana, huwezi kwenda na karatasi hiyo kuomba mwaka wa kwanza vyuo vya hapa ukasema nina krediti 12, watakuuliza kidato cha sita kiko wapi au kinacholingana nacho. Cheti cha Cambridge kinapelekwa NECTA kinalinganishwa, karatasi ya mzazi kwamba mtoto alisomea nyumbani haimpeleki mtu popote. Kwa hiyo mpango ukawa A-level masomo mawili taratibu, kwa miaka miwili, na pembeni kozi chache za chuo. Na akatukumbusha Chuo Kikuu Huria wana kituo hapa Arusha na wana kozi ya msingi kwa waliokosa sifa za moja kwa moja, kwamba hata mambo yakivurugika mtoto hana haja ya kujiona amefika mwisho wa dunia.

Kozi za chuo tulizochagua ni za Arizona State University, wanaita Universal Learner Courses. Nimezipenda kwa sababu moja tu ya kimaskini, unaanza na dola 25, unasoma mpaka mwisho, unaona alama yako, ukiipenda ndo unalipa dola 400 iingie kwenye transkripti (karatasi rasmi ya alama za chuo), usipoipenda unaiacha na hakuna anayejua. Kwa mtoto anayeugua hiyo ni kitu kikubwa sana. Kule kwa mpwa wangu Minnesota ukiandikishwa chuo ukafeli ile F inakaa kwenye rekodi ya chuo, na inakufuata ukiwa na miaka 20. Huku binti akilazwa katikati ya kozi nimepoteza dola 25, sijapoteza jina lake. Na ni krediti zile zile wanazopata wanafunzi wao, transkripti haisemi ulisoma ukiwa sebuleni Moshono.

Bei sio ya mchezo jamani, kozi moja ni milioni na kitu ukijumlisha. Hatuwezi kusoma 10. Tumepanga nne katika miaka miwili, na nazilipia kipindi cha wageni wengi, mwezi wa saba mpaka wa kumi, tipu zikiwa nzuri. Hata hivyo ukilinganisha na ada ya kozi moja ukiwa umeshafika Marekani kama mwanafunzi wa kigeni, bado naona nimepona.

Sasa huduma yenyewe ya kila siku. Laki mbili kwa mwezi, Jumatatu mpaka Alhamisi, saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Ukifika mlangoni kuna kikapu cha ukindu, simu inaingia humo, hata ya Madam inaingia humo. Binti wiki ya kwanza aliona kama kanyang'anywa mkono. Meza ziko mbali mbali, hakuna kuongea, saa nne na nusu chai, saa saba chakula, buku tatu kwa sahani, siku ya Jumanne loshoro na siku nyingine makande ambayo binti yangu anayasifia mpaka mama yake ameanza kununa. Kwa mtoto wa sikoseli maji ni dawa, Madam nilimwambia siku ya kwanza tu, kila meza ina chupa, ya binti yangu anaikagua mwenyewe ikifika saa sita haijaisha anasimama hapo hapo mpaka anywe. Hiyo haipo kwenye bei, ni utu tu.

Saa ya Arizona ilitutesa mwanzoni. Arizona hawabadilishi saa kama majimbo mengine, kwa hiyo tofauti yetu nao ni masaa 10 mwaka mzima, sisi tuko mbele. Kazi za wiki zinafungwa Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku wa kwao, ambayo huku ni Jumatatu saa nne kasoro dakika moja asubuhi. Binti alikuwa anakesha Jumapili akidhani muda unaisha usiku wetu, Jumatatu anaamka amevimba macho na maumivu ya viungo juu. Madam akabandika saa mbili ukutani, moja imeandikwa CHUGA nyingine ARIZONA, na akaweka sheria kwamba kazi inatumwa Alhamisi kabla ya kuondoka, Jumapili ni ya kanisani na kulala. Tangu hapo hajakesha.

Kozi ya kwanza ilikuwa aljebra ya chuo. Inatumia programu inaitwa ALEKS, inakupima kwanza unajua nini halafu inakuchorea duara kama chapati iliyokatwa vipande, kila ukiiva kwenye mada kipande kinajaa rangi. Mie nilijifanya mjuaji, siku moja niko nyumbani nikasema hebu nijaribu na mie nilikuwa mzuri wa hesabu shuleni Galanosi... nikapimwa. Sisemi nilipata ngapi. Ninachosema ni kwamba kwa siku mbili binti alikuwa ananiita "mwanafunzi mwenzangu". Kwake ilienda vizuri, alikwama kwenye logi (logarithimu), na hapo ndo Madam alipotoka kwenye usimamizi akawa mwalimu, alimkalisha ubaoni siku mbili mfululizo bila kuongeza hata shilingi. Alimaliza na A. Nikalipa 400 nikiwa natetemeka kidole.

Kozi ya pili ni uandishi wa Kiingereza wa mwaka wa kwanza, na hii ndo imempa taabu zaidi ya hesabu. Kiingereza anaongea vizuri, ila kule wanataka useme unalotaka kusema mwanzoni kabisa halafu ndo ulitetee, na binti yangu kalelewa na bibi yake, anaanza na habari za mvua na mavuno kabla hajafika kwenye hoja. Kuna kijana anakuja Jumatano kusaidia upande huo, anajua lakini anachelewa sana, kuna siku kaja saa sita na kipindi ni saa tatu, na ukimwambia anasingizia kifodi. Kama kuna kitu kimoja Madam abadilishe ni hicho, ampate mtu wa kudumu wa uandishi. Kozi bado inaendelea, rasimu mbili zimerudi nyekundu, ya tatu imerudi na pongezi.

Mapungufu mengine nayasema bila kupepesa. Chumba kina baridi mwezi wa saba, sakafu ni saruji tupu, nilileta zulia mwenyewe na blanketi la kimasai. Bati halina dari upande wa meza za nyuma, mvua ya Aprili ikianza usikii hata mawazo yako, na siku ya mtihani wa aljebra ule wa kukaa mbele ya kamera mvua ilishuka ikabidi binti ahamishiwe chumbani kwa Madam, kati ya kabati na kitanda, akafanyia hapo. Choo ni kimoja watoto nane. Jumamosi na Ijumaa hafungui, Madam ni Msabato na Ijumaa ni siku ya maandalizi, ukiwa na mtihani siku hizo tafuta pa kwenda. Maabara hakuna, kwa hiyo kozi za sayansi zinazotaka vitendo msizitegemee hapo, na binti anataka baiolojia, hilo bado linaniumiza kichwa. Na Madam ana mdomo! Kuna mama mmoja alikuja mwanae ana miaka 14 anataka akusanye krediti 60 akifika 18, Madam akamwambia mbele yetu, "Mama, huyu mtoto anaringishiwa nani?" Yule mama hakurudi. Mie nilitazama dirishani.

Ila alichotueleza baadae kilikuwa cha kweli, na ni jambo ambalo na mie lilinizuia kukimbilia krediti nyingi. Kwanza chuo kinaweza kupokea krediti zako lakini kikaziweka kwenye fungu la masomo huru, hazipunguzi hata somo moja kwenye fani yako, unakuwa na krediti nyingi na miaka ile ile. Pili kuna ufadhili wa wanaoanza mwaka wa kwanza, na ukiwa umejaza krediti nyingi vyuo vingine vinakuhesabu kama mtu anayehamia kutoka chuo kingine, mlango wa ufadhili ule unafungwa. Vingi havifanyi hivyo kama ulizipata kabla ya kumaliza sekondari, lakini unauliza, kwa maandishi, unatunza jibu. Madam ana faili la majibu ya vyuo, barua pepe zimechapwa, kila mtoto na lake. La binti yangu lina kurasa 11. Na transkripti ikifika wakati wake haibebwi mkononi, inatumwa chuo kwa chuo, ukisikia mtu anakuuzia transkripti ya kushika mkononi ya kwenda kujiungia, huyo ni yule yule wa kiyoyozi.

Kuna wanaoniuliza si angekaa nyumbani tu na intaneti yake asome bure bila kulipa laki mbili. Tulijaribu mwezi mmoja. Nyumbani kuna bibi anaomba asomewe meseji, kuna mdogo wake, kuna mpishi jirani anasaga karanga, kuna kitanda kinachomwita mtu mwenye maumivu. Kwa mtu mwenye nyumba tulivu na mtoto anayejisukuma mwenyewe, mlipeni Madam vikao viwili tu vya mpango mjiondokee, hata yeye atawaambia hivyo, alimwambia jamaa mmoja wa Usa River arudi na mtoto wake nyumbani maana kila siku masaa mawili barabarani ni ujinga.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ajili ya yule kijana wa Jumatano na lile bati.

Mkitaka kwenda mshuke Moshono muulize mwalimu wa hesabu mwenye kikapu, mtaelekezwa, geti ni la kijani na mbwa amefungwa. Msipige simu asubuhi maana haipokelewi, iko kwenye ukindu pamoja na za watoto, pigeni saa nane na robo, na muwe na majina ya vyuo vitano mkononi kabla hajasema hallo.